Mizinga Kumi na Minne

Theluji imefika dirishani, bonde la Bohinj limenyamaza,
na Zdenka ameniwekea laptopu ya marehemu mezani,
kando ya sufuria ya viazi,
kama mtu aletaye kuku mgonjwa.

"Inawaka, inazima. Inawaka, inazima.
Alojz alikuwa akiipiga kofi. Mimi siwezi."

Naisikiliza. Feni inakoroma.
Kilichooza ni mfumo, namwambia, si diski.
Nguzo zimeliwa na mchwa, mali ya ndani nzima.
Tutabomoa nyumba, tujenge nyingine papo hapo,
na masanduku hayatatoka chumbani.
Ananitazama kama mtu aliyewahi kuuziwa saa mbovu.

"Na paa likiyaangukia masanduku?"

Ndiyo maana ya nakala. Natoa diski ya nje,
ndogo kuliko kitabu cha sala,
naiwasha mashine kwa flashi, nje ya mfumo wake,
na faili zinaanza kuvuka:
elfu kumi na tisa, mia tatu na sita.
Picha za harusi ya Bled. Risiti za sukari ya nyuki.
Barua tatu kwa wizara kuhusu dubu,
kila moja kali kuliko iliyoitangulia.
Na uzito wa kila mzinga, kila Jumapili,
miaka ishirini na miwili bila kuruka,
hata Jumapili aliyomzika kaka yake.

Zdenka anamenya viazi. Haulizi.

Faili moja inagoma. Naijaribu tena. Inagoma.
Mara ya tatu inapita; naifungua kuhakikisha:
sekunde arobaini za mvumo wa nyuki,
na mtu akikohoa.
Kisu kinasimama juu ya kiazi.
"Hiyo," anasema, "ni ya Mei."

Halafu lile swali, jeupe katikati ya skrini:
Futa diski nzima?
Ndiyo imeshachaguliwa,
kama muuzaji aliyekwisha kukufungia mzigo
kabla hujauliza bei.
Kidole changu, nakiri, kilikuwa njiani.
Kazi hii nimeifanya mara mia, na mazoea yana taabu.
Narudi nyuma. Nachagua kwa mkono:
sehemu hii ifutwe, ile isiguswe.
Nausoma mstari kwa sauti, mara mbili,
naye anaitikia bila kugeuka:
isiguswe.

Saa moja na robo. Tunakula.

Mashine inaamka bila kukoroma.
Naingia kwenye folda: zote zipo. Namwita kwa fahari.
Anavaa miwani, anainama.
"Mizinga iko wapi?"
Hii hapa, mama, moja hadi kumi na nne,
imejipanga kushoto kama askari.
"Hapana. Haikusimama hivyo."

Ndipo naelewa.
Mchana, kabla haijazima tena, niliuona uso wa skrini ile
nikamhukumu marehemu: mtu asiyejua kupanga,
folda zimetapakaa huku na huku,
moja imetupwa kona ya chini, peke yake.
Kumbe ulikuwa mteremko wa nyuma ya nyumba,
mzinga kwa mzinga,
na ule wa tisa umetengwa karibu na ua
kwa sababu ya ukali wake.

Nimeokoa uzito, nimeokoa kikohozi.
Mahali pa vitu palikaa ndani ya faili iliyofichwa,
mipangilio ya zamani,
niliyoifuta isije ikaambukiza mfumo mpya.

Natafuta maneno ya kuomba radhi;
amekwisha kuketi.
Anashika kipanya kama alivyoshika kisu.
Wa kwanza hapa, chini ya mpea.
Wa pili. Wa tatu, juu kidogo, hapo pana jiwe.
Wa tisa, konani. "Kaa huko," anauambia.
Wa kumi.
Kwenye wa kumi na moja mkono unasita,
unakwenda kulia, unarudi,
unaiacha folda ikielea katikati.

Anainuka. Anavaa buti za Alojz,
hasemi anakwenda wapi.
Viazi vinapoa. Dirishani naona tochi
ikipanda mteremko polepole,
ikisimama,
ikishuka hatua mbili,
ikisimama.